Maboksi Mangapi kwa Amplifaya Moja? Somo la Ukinzani kwa Wapiga Magita

Muziki wa dansi wa Dar es Salaam umejengwa juu ya gita la umeme. Bendi ya mtindo huo haikamiliki bila gita la solo, gita la rithimu na gita la besi, na nyingine huongeza solo la pili. Katika miaka ambayo bendi zilikuwa mali ya mashirika, vyombo vilikuwa vya mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. DDC Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na chombo kilipoharibika haikuwa lazima atoe fedha mfukoni mwake.

Hali ya leo ni tofauti. Vijana wanaounda vikundi vya muziki huko Mbagala na kwingineko wilayani Temeke hujinunulia vyombo wenyewe, kimoja kimoja, na mara nyingi ni vyombo vilivyokwisha kutumika. Amplifaya ikiungua usiku wa harusi, kikundi hupoteza malipo ya usiku ule, na huenda kikakaa miezi bila kazi. Na sababu moja ya amplifaya kuungua ni jambo linaloonekana dogo: kuunganisha maboksi ya spika mengi kupita kiasi.

Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji, hatua kwa hatua, kinachotokea ndani ya amplifaya kila boksi linapoongezwa, na kumpa hesabu ambayo ataweza kuifanya kwa kalamu na karatasi kabla ya kuwasha umeme. Hesabu hiyo haihitaji elimu zaidi ya kugawanya na kuzidisha.

Umeme unaokwenda kwenye spika

Spika ni mashine inayogeuza umeme kuwa mtikisiko wa hewa. Ndani yake kuna koili ya waya mwembamba iliyogandishwa kwenye koni ya karatasi, na koili hiyo imewekwa katikati ya sumaku yenye nguvu. Mkondo wa umeme unapopita katika koili, sumaku huisukuma mbele. Mkondo ukigeuka, koili hurudi nyuma. Spika za namna hii zilielezwa mwaka 1925 na Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, na hata leo spika za magita hufuata kanuni ile ile.

Waya wa koili huupinga mkondo usipite kwa urahisi. Upinzani huo huitwa ukinzani, na hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Kwa kuwa umeme wa muziki ni mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, ukinzani wa spika hubadilika kufuatana na sauti nene au nyembamba. Wataalamu huuita ukinzani wa namna hiyo impidansi. Kiwandani huchaguliwa tarakimu moja ya kuuwakilisha, nayo huandikwa nyuma ya spika: kwa kawaida omu 4, omu 8 au omu 16. Katika makala haya tutaendelea kutumia neno ukinzani.

Kanuni ya Ohm yasema hivi: mkondo, unaopimwa kwa ampea, ni sawa na volti zilizogawanywa kwa omu. Nguvu, inayopimwa kwa wati, ni volti zilizozidishwa kwa ampea. Hapa ndipo somo letu lote lilipo. Volti zikibaki zile zile na omu zikapungua, ampea zitaongezeka.

Mfuatano na usambamba

Kuna njia mbili za kuunganisha spika zaidi ya moja. Njia ya kwanza ni mfuatano. Mkondo hupita spika ya kwanza yote, kisha huingia ya pili, kama gari linavyopita vituo viwili katika barabara moja. Katika njia hii omu hujumlishwa: omu 8 na omu 8 ni omu 16.

Njia ya pili ni sambamba. Kila spika imeungwa moja kwa moja na amplifaya, na mkondo una barabara mbili za kupita kwa wakati mmoja. Barabara zikiwa mbili, kupita ni rahisi zaidi. Kwa hiyo ukinzani wa jumla hupungua. Maboksi yaliyo sawa yakiunganishwa sambamba, gawanya omu za boksi moja kwa idadi ya maboksi. Mawili ya omu 8 ni omu 4. Matatu ni omu 2.67, manne ni omu 2.

Watu wengi hudhani kinyume. Hufikiri kwamba maboksi mengi ni mzigo mwingi, na mzigo mwingi ni omu nyingi. Wanaoishi Mbagala wanaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa pampu ya kisima. Pampu inasukuma maji kwenye bomba lenye koki kadhaa. Kila koki inayofunguliwa hurahisisha maji kutoka, nayo pampu hulazimika kutoa maji mengi zaidi. Boksi jipya ni koki mpya iliyofunguliwa. Mzigo wa amplifaya si ule unaoipinga, bali ni ule unaoinyonya.

Kosa jingine hutokana na macho. Nyuma ya maboksi mengi kuna matundu mawili ya plagi. Mpiga gita huchukua waya kutoka amplifaya hadi boksi la kwanza, kisha waya mwingine kutoka boksi la kwanza hadi la pili, na kutoka la pili hadi la tatu. Maboksi yanaonekana yamepanga foleni, na mtu husema yameungwa kwa mfuatano. Sivyo. Ndani ya boksi la kawaida matundu yale mawili yameunganishwa sambamba, ila kama mtengenezaji ameandika vingine. Foleni ya nyaya inaonekana kwa macho, lakini umeme unakuta barabara tatu zilizo wazi kwa pamoja.

Hesabu ya boksi la tatu

Hebu tuchukue mfano. Kikundi fulani kina amplifaya ya transista yenye nguvu ya wati 100. Karibu na tundu la spika imeandikwa kwamba ukinzani usipungue omu 4. Kikundi kina maboksi mawili ya omu 8. Jirani anawaazima boksi la tatu, nalo ni la omu 8, ili sauti ifike hadi mwisho wa turubai.

Wati 100 katika omu 4 hutokana na volti 20 na ampea 5, kwani 20 mara 5 ni 100, na 20 gawanya kwa 4 ni 5. Tuchukue volti hizo 20 kuwa hazibadiliki, tuone mkondo unavyokwenda:

Boksi 1: omu 8, ampea 2.5, wati 50.
Maboksi 2: omu 4, ampea 5, wati 100.
Maboksi 3: omu 2.67, ampea 7.5, wati 150.
Maboksi 4: omu 2, ampea 10, wati 200.

Boksi la tatu limeitaka amplifaya itoe nusu zaidi ya mkondo iliotengenezewa kuutoa. Boksi la nne linataka maradufu. Transista za mwisho, ambazo ndizo zinazobeba mkondo huo, hupata joto jingi kuliko bati la kupozea linavyoweza kulitoa, hasa katika usiku wa joto wa Dar es Salaam na amplifaya ikiwa imefunikwa kanga isipate vumbi. Amplifaya nyingine zina kinga inayozizima zenyewe, zikapoa, zikawaka tena. Ambazo hazina kinga hiyo hukata fyuzi, au huunguza transista. Transista ikiungua vibaya, yaweza kupeleka mkondo mnyoofu kwenye spika bila kukoma, na koili ikaungua pia. Hivyo boksi la kuazima linaweza kurudi kwa jirani likiwa limekufa.

Fyuzi inapokatika, si ishara kwamba fyuzi ni mbovu. Ni ishara kwamba mkondo umezidi. Mtu anayeweka mahali pake kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ameondoa mlinzi aliyekuwa akipiga kelele. Kinachofuata ni moto.

Sauti huongezeka kiasi gani?

Mtu anaweza kusema kwamba hatari hiyo inafaa kubebwa iwapo sauti itakuwa kubwa zaidi. Tuitazame faida yenyewe. Sikio la binadamu halihesabu wati kama duka linavyohesabu shilingi. Ukiongeza nguvu maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, na msikilizaji husema imeongezeka kidogo. Ili aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi.

Kutoka wati 100 hadi wati 150 ni desibeli 1.8 hivi. Wageni waliokaa nyuma hawataitambua tofauti hiyo kwa urahisi. Kikundi kimehatarisha chombo chake cha kazi kwa faida ambayo masikio yanakaribia kutoisikia. Ni kweli kwamba boksi lililowekwa upande mwingine wa uwanja hueneza sauti vizuri zaidi. Lakini hilo ni suala la mahali pa kuliweka, na lina njia nyingine zilizo salama, ambazo tutazitaja.

Maboksi yasiyolingana

Vyombo vilivyotumika hutoka nchi mbalimbali, na kila nchi ina desturi zake. Maboksi ya spika 4 ya Marshall, kutoka Uingereza, kwa kawaida huwa ya omu 16. Fender Twin Reverb ya Marekani ina spika 2 za omu 8 zilizounganishwa sambamba, yaani omu 4. Mpiga gita anayenunua boksi moja hapa na jingine pale anaweza kujikuta na maboksi yasiyofanana hata kidogo.

Kwa maboksi mawili yasiyolingana, zidisha omu zao, kisha gawanya kwa jumla yao. Boksi la omu 4 na boksi la omu 8: 4 mara 8 ni 32, 4 na 8 ni 12, 32 gawanya kwa 12 ni omu 2.67. Tarakimu hii ni ile ile tuliyoipata kwa maboksi matatu ya omu 8, na hatari ni ile ile, ingawa maboksi ni mawili tu.

Tena nguvu haigawanywi sawa. Katika muungano wa sambamba, boksi lenye omu chache hula zaidi. Hapa boksi la omu 4 litachukua theluthi mbili ya nguvu, na la omu 8 theluthi moja. Ikiwa boksi la omu 4 ndilo dogo na dhaifu, litaungua la kwanza. Kwa hiyo tazama mambo mawili kwa kila boksi: omu zake, na wati linazoweza kuzibeba.

Maandishi ya nyuma yakiwa yamefutika, tumia mita ya umeme. Ondoa boksi kwenye amplifaya, weka mita kwenye kipimo cha omu, na gusa ncha mbili za plagi. Mita hupima ukinzani wa mkondo mnyoofu peke yake, ambao ni mdogo kuliko ule ulioandikwa: boksi la omu 4 husoma karibu 3, la omu 8 karibu 6, na la omu 16 karibu 12. Mita ikisoma sifuri, kuna nyaya zinazogusana. Isiposoma chochote, koili au waya umekatika. Boksi la namna hiyo lisiunganishwe kabisa.

Valvu na transista hazina hofu moja

Yaliyosemwa hadi hapa yanahusu hasa amplifaya za transista, ambazo huogopa omu chache mno. Zikiwashwa bila spika, kwa kawaida hazidhuriki. Amplifaya za valvu ni tofauti. Kati ya valvu na spika kuna transfoma, na transfoma hiyo imetengenezwa ifanye kazi na ukinzani maalumu. Nyuma ya amplifaya kuna swichi au matundu yaliyoandikwa 4, 8 na 16. Fanya hesabu ya maboksi yako, kisha chagua tarakimu inayolingana na jumla, wala si na boksi moja. Maboksi mawili ya omu 16 yaliyounganishwa sambamba huwekwa kwenye 8.

Jambo la kutisha zaidi kwa valvu ni kupigwa bila spika yoyote. Nishati ambayo ingetoka kwenye spika hukosa njia, volti ndani ya transfoma hupanda mno, na cheche huweza kutoboa kinga ya nyaya zake. Transfoma ya namna hiyo si rahisi kuipata. Ndiyo sababu muungano wa mfuatano haupendekezwi kwa valvu jukwaani: spika moja ikikatika, njia yote imekatika, na amplifaya imebaki bila mzigo.

Onyo moja zaidi. Ndani ya amplifaya ya valvu mna volti 400 au zaidi, nazo hubaki katika kapasita hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Asiye fundi asiifungue.

Nyaya

Waya wa gita na waya wa spika huweza kuwa na plagi zinazofanana kabisa, na hapo ndipo watu hukosea. Waya wa gita una uzi mmoja mwembamba uliozungushiwa wavu wa kuzuia kelele. Umetengenezwa kubeba mkondo mdogo sana. Ukipitishiwa ampea 5 hupata joto, huyeyuka, na nyuzi zake zikigusana amplifaya hupata njia isiyo na ukinzani.

Kwa spika tumia waya wa nyuzi mbili nene. Tuseme boksi liko mita 10 kutoka amplifaya. Umeme huenda na kurudi, hivyo ni mita 20 za shaba. Waya wenye unene wa milimita za mraba 0.75 una ukinzani wa omu 0.46 hivi. Kwa maboksi ya jumla ya omu 4, karibu asilimia 10 ya nguvu hupotea njiani kama joto. Waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza asilimia 3 hivi tu.

Chunguza pia chanya na hasi. Spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi hupotea. Watu huchukulia kuwa nguvu ni ndogo, wakaongeza boksi. Kipimo ni rahisi: gusisha betri moja ya volti 1.5 kwa sekunde moja kwenye plagi ya kila boksi, chanya ya betri kwenye ncha ya plagi. Koni zote zitoke mbele. Ikiwa moja imerudi nyuma, badilisha nyaya zake. Huenda dawa ya sauti hafifu ikawa hiyo tu.

Utaratibu ulio salama

Kwanza, soma ukinzani wa chini kabisa ulioandikwa kwenye amplifaya. Pili, fanya hesabu ya maboksi yote kwa pamoja. Tatu, zima amplifaya kabla ya kuchomeka au kuchomoa waya wa spika, kwa sababu plagi ya kawaida ya gita hugusanisha chanya na hasi kwa kitambo inapopita tunduni. Nne, usiunganishe kamwe amplifaya mbili kwenye boksi moja. Kila moja itasukuma mkondo ndani ya nyingine.

Ukitaka sauti ifike mbali, weka maikrofoni mbele ya boksi la gita na uipeleke kwenye mitambo mikuu ya ukumbi; au tafuta amplifaya ya pili yenye maboksi yake. Maboksi manne ya omu 8 yanaweza pia kuungwa kwa mchanganyiko: mawili kwa mfuatano, mawili kwa mfuatano, kisha jozi hizo sambamba. Jumla hurudi kuwa omu 8. Kazi hiyo huhitaji nyaya maalumu zilizolehemewa na fundi, na inafaa kwa transista.

Mwisho, kumbuka umeme wa TANESCO wenyewe, volti 230, ambao ni hatari kuliko yote tuliyoyataja. Plagi ya pini tatu isipunguzwe kuwa ya pini mbili, kwa maana pini ya tatu ni njia ya kwenda ardhini. Mwezi Mei 1972, mjini Swansea huko Wales, mpiga gita Leslie Harvey wa kundi la Stone the Crows alifariki jukwaani aliposhika maikrofoni ambayo haikuwa na waya wa ardhini. Mpiga gita hushika nyuzi za chuma kwa mikono miwili na kuimba mdomo ukiwa karibu na maikrofoni. Mwili wake ndio waya unaounganisha vyombo viwili.

Maswali ya kujipima

1. Amplifaya ya transista ya wati 100 imeandikwa omu 4. Una maboksi mawili ya omu 16 na moja la omu 8, yote sambamba. Je, ni salama?
2. Amplifaya ya transista imeandikwa omu 8. Je, maboksi mawili ya omu 8 yanaweza kuungwa sambamba?
3. Amplifaya ya valvu imewekwa kwenye 8 na ina maboksi mawili ya omu 16. Waya wa boksi moja umechomoka. Ufanye nini?

Majibu

1. Ni salama. Maboksi mawili ya omu 16 ni omu 8. Hizo pamoja na omu 8 za boksi la tatu ni omu 4. Lakini boksi la omu 8 litachukua wati 50, na kila la omu 16 wati 25. Hakikisha la omu 8 linazibeba.
2. Hapana. Jumla ni omu 4, nusu ya kinachoruhusiwa. Tumia boksi moja.
3. Acha kupiga. Sasa mzigo ni omu 16 badala ya 8. Zima, rudisha waya, kisha endelea. Wacheza dansi watasubiri dakika moja; transfoma iliyoungua itawasubirisha zaidi.